Chekechea ya Jambiani na Kamba Kumi za Mwani



Mtu wa Mombasa akirudi kutoka Unguja huulizwa mambo mawili: ameleta nini, na mji ameuonaje. La kwanza hujibiwa kwa halua, karafuu na doti ya kanga. La pili hujibiwa kwa kutaja Forodhani, milango ya Mji Mkongwe na vichochoro vyake. Yote hayo ni mazuri, na yamekwisha kuandikwa sana. Makala haya yatampeleka msomaji mahali ambapo magari ya watalii hupita bila kusimama: chumba kimoja cha mawe chenye paa la bati, katika kijiji cha Jambiani, ambamo watoto 26 wa umri wa miaka mitatu hadi sita husoma kila asubuhi.

Jambiani iko katika pwani ya kusini-mashariki ya kisiwa, baina ya Paje na Makunduchi. Gari litokalo mjini hupita Tunguu, likakata msitu wa Jozani wenye kima punju, kisha likafika Kitogani. Hapo njia ya kulia huelekea Kizimkazi, penye msikiti wa kale ambao maandishi ya Kufi katika kibla chake yana tarehe ya mwaka 500 Hijria, yaani 1107 Miladia. Naitaja tarehe hiyo kwa sababu moja. Watu wa sehemu hizi walikuwa wakisoma na kuchonga herufi zaidi ya miaka 900 iliyopita, wala hakuna haja ya yeyote kuja kuwaambia kwamba elimu ni kitu kigeni kwao.

Sisi wa Mombasa huvuka kwenda huko kwa pasi, tukagongewa muhuri kama wageni. Lakini elimu ya pwani hii haikuwahi kuujua mpaka huo. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, ambaye baadaye alikuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, alisoma Unguja kwa Sayyid Ahmad bin Sumait, kisha akarudi Mombasa akatoa Sahifa mwaka 1930 na Al-Islah mwaka 1932, akiwahimiza Waislamu wa pwani waelimike, wake kwa waume. Hiyo ni elimu iliyotoka Unguja ikaja kwetu. Nilichokwenda kukiona Jambiani ni elimu iliyotoka kwetu ikaenda Unguja.

Mapema katika miaka ya 1980, Waislamu wa Mombasa waliona jambo lililowatia simanzi. Watoto wao walikuwa wakifika darasa la kwanza wakiwa nyuma ya wenzao, na shule za chekechea zilizokuwa nzuri zilikuwa ghali, au hazikumlea mtoto katika dini yake. Wakamwendea Aga Khan wakaomba msaada, na taasisi yake ikaitika. Kazi ya kuanzisha ilimwangukia mwalimu mwanamke wa Mombasa, Bi Swafiya Said. Njia iliyofuatwa ilikuwa nyepesi kueleza, japo ngumu kutenda: kuingia katika madrasa iliyopo tayari, kuwafunza ualimu wanawake wa mtaa ule ule, na kuiacha skuli mikononi mwa wenyeji. Mwaka 1990 mpango huo ulivuka hadi Unguja, na mwaka 1993 ukafika Uganda. Leo umekwisha kufika katika jamii zaidi ya 200 za nchi hizo tatu. Wanawake wengi wa Mombasa wanaosoma gazeti hili waliketi katika mikeka hiyo walipokuwa wadogo, na pengine hawajui kwamba mkeka wao ulisafiri mbali hivyo.

Mimi nilikwenda Jambiani kumzuru binti wa marehemu ndugu yangu, aliyeolewa huko. Mwezi ulikuwa umeipita kumi na nne kwa siku mbili, na bahari ilikuwa katika bamvua. Msomaji wa pwani ajua maana yake. Siku hizo maji hupwa sana mwendo wa saa nne asubuhi, yakaacha mchanga mtupu hadi karibu na mwamba, na mwenye shamba la mwani hana budi kuwa huko wakati huo, kwani maji hayamsubiri mtu.

“Ami,” aliniambia usiku ule, “kesho nitakuwa baharini mpaka karibu na adhuhuri. Ukipenda, mpeleke mjukuu wako skuli, kisha ukae uone.”

Asubuhi tulitoka. Katika kichochoro kimoja wanawake walikuwa wakishuka pwani na kamba zao kichwani, na katika kichochoro hicho hicho watoto walikuwa wakipanda kwenda skuli. Mama mmoja alimtoa kamasi mwanawe kwa upindo wa kanga, akamgeuza upande wa skuli, naye akageuka upande wa bahari. Zamani wanawake wa kijiji hiki walipata chumo lao zaidi kwa kufukia makumbi pwani na kusokota kamba za usumba. Tangu mwaka 1989, kilimo cha mwani kilipoanza kwenye pwani hii, wengi wao wamekuwa wakulima wa baharini. Mtoto mdogo hawezi kuchukuliwa huko kwenye jua na maji ya magoti, wala bibi wa kumwachia hayupo katika kila nyumba. Chumba kile cha mawe ndicho kinachomwezesha mama kwenda shambani na moyo uliotulia.

Mwalimu ni binti wa miaka ishirini na kitu, mwenye mtandio mweupe na sauti ya chini. “Shikamoo, sheikh. Utuwie radhi, watoto wamo kazini,” alisema. Nilipochungulia ndani niliona watoto wakicheza. Yeye aliita kazi, na baada ya saa moja niliona kwamba aliita kwa jina lake.

Hapakuwa na madawati. Chini palitandikwa mikeka ya ukindu, na chumba kiligawanywa kona: kona ya nyumbani, yenye kifuu na mwiko na kitanda cha mwanasesere, kona ya vitabu, kona ya kujenga, yenye vipande vya mbao vilivyopigwa msasa, na kona ya duka. Hapakuwa na kitu hata kimoja kilichonunuliwa kwa bei kubwa. Kuna vifuu, vifuniko vya chupa, mbegu za mbuyu, makopo yaliyooshwa, makuti, mchanga. Kila asubuhi, baada ya dua, mtoto huulizwa atafanya nini na wapi. Huchagua mwenyewe, hufanya, na mwisho hukaa duarani akawasimulia wenzake alichofanya. Mtoto wa miaka minne asimamaye mbele ya watu 26 akaeleza kazi yake tangu mwanzo hadi mwisho amekwisha kujifunza jambo ambalo baadhi yetu tunalitafuta hadi leo tukipanda mimbari.

Kilichonipendeza zaidi, mimi niliyekulia chuoni, ni namna herufi zilivyofundishwa. Mwalimu aliweka sinia la mchanga laini mbele ya watoto watatu. Akachora dau lile la herufi ambalo ni moja kwa baa, taa na thaa. Kisha akawapa kete za pwani wawe wakiweka nukta. Kete moja chini: baa. Kete mbili juu: taa. Kete tatu juu: thaa. Mtoto aliyekosea hakukaripiwa. Mwenzake alimwambia, “Hiyo sasa si taa,” wakahesabu tena pamoja. Katika dakika kumi walikuwa wamesoma herufi tatu za Qur'ani, wamehesabu moja hadi tatu, na wamejua juu na chini. Nilitazama tena sinia lile nikastaajabu kwamba hesabu ilikuwa imejificha ndani ya alifu-bee-tee yetu siku zote.

Kisha nikaalikwa dukani. Muuza duka alikuwa kitoto cha kike chenye kanzu ya maua. Alinipimia “samaki”, ambao walikuwa mbegu za mbuyu, kwa mizani ya vifuu viwili vilivyoning'inizwa kwenye kijiti. Bei ilikuwa vifuniko vitano. Kwa makusudi nikatoa vinne. Alivihesabu, akavihesabu tena, akaniangalia usoni.

“Babu, pesa yako haijatimia.”

“Nitakuletea kesho,” nikasema.

Akafikiri. “Basi na samaki njoo uwachukue kesho.”

Mwalimu alinieleza kwamba wiki ile walikuwa wakifundishwa kupima kwa haki, jambo ambalo Mwenyezi Mungu ameliteremshia sura nzima kwa jina la wanaopunja, Al-Mutaffifin. Watoto wale hawajafika umri wa kuihifadhi sura hiyo, lakini mikono yao imekwisha kuijua maana yake.

Wapo miongoni mwetu watakaosema kwamba huku ni kuwachezea watoto, na kwamba mtoto hufunzwa kwa kukalishwa akatulia. Nawaomba warejee walikotoka. Bwana Mtume, rehema na amani zimshukie, alirefusha sijda kwa sababu mjukuu wake alikuwa amempanda mgongoni, wala hakupenda kumharakisha. Alimuuliza habari ya ndege wake ndugu mdogo wa Anas bin Malik, mtoto aliyekuwa akihuzunika kwa kufa kwa kindege hicho. Bibi Aisha, radhi za Mwenyezi Mungu ziwe juu yake, alicheza na wanasesere pamoja na wenzake, na Mtume hakumkataza. Na Imamu Ghazali, katika Ihya, ameeleza wazi kwamba mtoto akitoka chuoni aachiwe mchezo mzuri wa kumpumzisha. Ukimnyima mchezo na kumchosha kwa kusoma tu, asema, unaua moyo wake na kuzima akili yake, naye atatafuta hila za kukimbia. Maneno hayo yana zaidi ya miaka 900, na yanafaa kubandikwa ukutani katika vyuo na shule nyingi za leo.

Maana tazameni mitaani mwetu. Mtoto wa PP1, wa miaka minne, hubeba mkoba uliomzidi kimo. Asubuhi hunakili ubaoni yale asiyoyaelewa, akapewa kazi ya nyumbani, na alasiri hupelekwa chuoni akanakili tena. Mwalimu wa asubuhi hamjui mwalimu wa alasiri, na mtoto hudhani kwamba Mola wake anahusika na jioni tu. Katika chumba cha Jambiani niliona mtoto akila uji kwa bismillahi, akihesabu vidole akinawa, akimtaja Mwenyezi Mungu aliyeumba samaki anayemuuza. Kwake elimu ni moja.

Nisingependa msomaji adhani kwamba mambo huko ni mepesi. Saa sita, watoto walipoondoka, mshika fedha wa kamati alifika kutoka baharini, miguu bado ina mchanga. Ni mama wa makamo. Alifungua daftari la mistari likionyesha majina na miezi, na katika mistari mingi miezi miwili au mitatu ilikuwa tupu.

“Maalim,” aliniambia, “usidhani kwamba ni ubahili. Mwani mnene umetukataa.”

Alikuwa akisema habari ya aina iitwayo cottonii, ambayo ndiyo yenye bei nzuri. Maji ya kina kifupi yamezidi joto, na mwani huo hugeuka mweupe, ukalainika na kukatika. Unaostahimili ni ule mwembamba, spinosum, ambao bei yake ni duni mno. Mama hufanya kazi ile ile, na mgongo huuma vile vile, lakini mfuko hurudi mwepesi. Na mfuko ukipungua, ada ya chekechea ndiyo ya kwanza kungoja, kwa kuwa mtoto wa miaka mitatu hawezi kulalamika kwamba elimu yake imecheleweshwa.

Mwalimu naye hulipwa kutokana na ada hizo. Alipokuwa akikusanya kete aliniambia kwamba yeye mwenyewe alisoma katika chumba kile, kisha akapata mafunzo ya ualimu mjini. Hoteli zimejaa ufukweni, na ameitwa kazi huko mara mbili.

“Mbona hukwenda?”

“Mara ya kwanza mama alikataa. Mara ya pili nilikataa mwenyewe.” Akafunika sinia la mchanga. “Ya tatu sijui, sheikh. Nina wadogo zangu wanaonitegemea.”

Sikumhubiria. Anayemwambia mwalimu asubiri malipo ya akhera, na huku yeye mwenyewe hupokea mshahara wake kila mwisho wa mwezi, hajamwambia kitu cha maana.

Kamati ya wanawake haikumhubiria pia. Walifanya jambo. Katika mashamba yao ya baharini walitenga kamba kumi, wakaziita kamba za skuli. Zimefungwa kwenye vigingi kama nyingine, na kila bamvua wanawake wawili wenye zamu huzihudumia hizo kwanza, kabla ya kugusa za kwao. Baada ya wiki sita hivi huvunwa, huanikwa, huuzwa, na fedha huandikwa katika ukurasa wa peke yake daftarini. Mama asiye na ada huruhusiwa kuchukua zamu ya mwingine, na mwezi wake hutiwa alama kama wa aliyelipa. Hakuna mtoto aliyerudishwa nyumbani kwa ajili ya deni. Kamba kumi hazitoshi kumpa mwalimu ujira kamili, na mshika fedha alilisema hilo bila kuficha. Lakini hakuna mwezi ambao anaondoka mikono mitupu, hata mwezi ambao ada hazikuingia kabisa.

Kwa istilahi za mafakihi wetu sitaziita kamba zile wakfu, kwa kuwa hakuna aliyetamka lafudhi ya wakfu, wala sijui kama waliwahi kuifikiria. Lakini maana yake ni jirani sana na wakfu. Babu zetu wa pwani hii waliwakifia misikiti minazi, visima na nyumba ili taa isizimike na maji ya udhu yasikatike. Walifahamu kwamba jengo bila pato la kudumu ni deni kwa watakaokuja. Sisi tumerithi wakfu zao, na nadra kuongeza zetu. Tunapochanga, huchanga kwa ajili ya kuta na marumaru, kisha mwalimu anayekaa ndani ya kuta hizo tunamwacha kwa rehema za ada.

Tangu Katiba ya mwaka 2010, elimu ya chekechea kwetu imewekwa chini ya serikali za kaunti, na ni haki yetu kuzidai zitimize wajibu huo. Huko Unguja pia serikali ina mkono wake, na vimekuwako vituo vya Tucheze Tujifunze, maarufu kwa jina la TuTu, vilivyotumia masomo ya redio kuwafikia watoto wa vijijini. Hata hivyo, mtoto hukua leo, wala hangoji bajeti. Miaka hii mitatu au minne ikipita haimrudii.

Basi nawaelekea akina mama na dada zangu kwanza, kwa kuwa ndio walioibeba kazi hii tangu siku ya kwanza. Vikundi vyenu vya kuweka akiba viko katika kila mtaa, kuanzia Mji wa Kale hadi Kisauni na Likoni, na uaminifu wenu katika daftari wajulikana. Mnaposhona sare kwa ajili ya harusi, mkaitenga thamani ya sare moja tu kwa mwaka kwa ajili ya mwalimu wa chekechea wa mtaa wenu, mtakuwa mmeanza kamba ya kwanza. Mwulizeni analipwa kiasi gani, na analipwa lini. Jueni jina lake kama mnavyojua jina la mshonaji wenu.

Kisha nawaelekea akina baba. Ada ya mtoto ni sehemu ya nafaka ya nyumba, na nafaka ni wajibu wa mume. Mama wa Jambiani huingia baharini kwa sababu za maisha, na wengine wao ni wajane au wameachwa. Lakini mume mwenye uwezo anayemwachia mkewe ada ya chekechea kwa kuwa eti ni mambo ya watoto wadogo, na alitazame hilo kabla hajaulizwa. Na mwenye chumba cha duka, au nyumba ya kupangisha, anayetaka sadaka isiyokatika baada yake, na afikiri kuiwakifu kodi ya chumba kimoja kwa ajili ya mshahara wa mwalimu wa watoto. Ofisi ya Tume ya Wakfu iko hapa hapa Mombasa, na makadhi wetu wapo wa kumwongoza aandike vizuri, ili warithi wasije wakagombana na watoto wa chekechea.

Bamvua lingine linakuja mwezi utakapoandama. Wanawake wa Jambiani watashuka tena pwani, na wawili kati yao wataanza na zile kamba kumi. Tunamwomba Mwenyezi Mungu awabarikie mwani wao, awaruzuku maji ya baridi, amthibitishe mwalimu wao kwa riziki ya halali inayomtosha, na atupe sisi moyo wa kuihudumia kwanza kamba ya watoto wetu kabla ya zetu wenyewe. Amin.